Majina ya Wafu Wetu Yako Kwako

Rumonge, 6 Januari 2025

Ismaili,

Una miguu au huna? Tangu hitima ya mwaka jana hujakanyaga mlango wangu. Idi ndogo imepita, Idi kubwa imepita, ziwa limepanda mpaka kwenye mafiga ya jirani likashuka tena, na wewe hujaja hata kuniuliza kama nimezama. Usiniambie habari za esansi, kwamba vituo vya mafuta vimekauka. Jean Bosco akipata esansi anakuja na basi lake, akikosa anakaa foleni siku mbili, ya tatu anakuja. Samaki wa Magara hawana miguu na wanafika Bujumbura kila asubuhi. Wewe mwenye miwili unashindwa kufika Rumonge.

Nimekupigia simu mpaka nimezoeana na yule mwanamke anayesema hupatikani. Nimemtukana mara ngapi, naye ananijibu kwa upole uleule. Ana adabu kukushinda, mume wangu mdogo.

Barua hii nasema mimi, anapiga Evangelina, yule aliyerudi kutoka Tanzania akafungua duka la kuchapa barua karibu na soko. Nimemwambia asilainishe hata neno. Nikisema mjinga, apige mjinga.

Nataka mashini ya baba yako. Na usijifanye umesahau, nitakueleza kama mtu wa kuja.

Mimi sikwenda shule. Majina ya wafu wetu nilikuwa nayo kichwani, tangu babu wa babu yangu aliyevuka kutoka Umanyema. Nilikuwa nayataja nikitwanga, sikosei. Babu yako Bakari, karani wa mizani ya mawese, akayapiga kwenye mashini yake ya chuma. Nikamuuliza, kwani kichwa changu kina tundu? Akasema, "Mwasiti, chuma hakisahau." Kikashika kutu, utepe wake haukupatikana tena hata Bujumbura. Baba yako Shabani akaleta ile ordinateri nyeupe, kompyuta mnavyoiita nyie, ina tumbo nyuma kama mja mzito. Akasema, "Mama, ile ya baba ilikuwa ya kizamani. Hii haisahau." Kila mwezi wa Shaabani anaiwasha, inanguruma kama kinu cha kusaga mihogo, inatoa karatasi ya majina. Tunaikunja, tunaiweka kwenye sinia chini ya juzuu. Shehe hayasomi kwa sauti, anasema tu "na hawa waliomo humu," dua inawafikia. Kesho yake tunaipeleka ziwani tunafua wino, maana jina la mtu halitupwi jalalani. Ndiyo sababu nyumbani hakuna karatasi ya zamani hata moja. Kila mwaka mpya.

Baba yako akafa. Hitima iliyofuata, mashini ikakataa kuwaka. Ukaibeba wewe mwenyewe: "Nipe Bibi, nitahamishia kwenye mpya, mpya hazisahau." Watu watatu, neno moja. Siku ile tulisoma bila karatasi, sinia tupu, nikaona haya mbele ya shehe kama niliyepika wali bila chumvi.

Hitima ya mwaka huu ni Jumapili, tarehe 23 ya mwezi wa pili. Sitaki sinia tupu. Leta majina.

Evangelina anauliza nimalizie vipi. Nimemwambia aandike: kula. Najua umekonda.

Bibi yako,
Mwasiti binti Amissi


Buyenzi, Bujumbura, 12 Januari 2025

Bibi, shikamoo.

Nimepata barua yako kwa mkono wa Jean Bosco. Najibu kwa barua pepe ya dukani kwa Evangelina. Evangelina, tafadhali msomee kama ilivyo.

Mashini ya baba haitatoa kitu. Nitakueleza kwa nini, ingawa najua utanikasirikia mimi badala yake.

Kompyuta zinahesabiwa kwa vizazi, kama watu. Kizazi cha kwanza kilikuwa cha taa za kioo. Kompyuta moja ilijaza jumba, na kila siku kulikuwa na mtu kazi yake ni kubadili taa zilizoungua. Cha pili wakaondoa taa wakaweka vitu vidogo kama punje za mahindi. Cha tatu wakabandika punje nyingi kwenye kigae kimoja. Cha nne akili yote ya mashini ikaenea kwenye kigae kisichozidi ukucha, na ile ya baba ni ya kizazi hicho, tena ya siku zake za mwisho. Sasa wanasema tuko cha tano, mashini zinaulizwa maswali na zinajibu zenyewe. Simu iliyo mfukoni mwa Jean Bosco inashinda kompyuta ya baba mara elfu.

Lakini kila kizazi kikija, hakisomi kilichoandikwa na wazee wake. Diski ndogo za bapa za baba, leo huoni mashini ya kuziingiza. Programu aliyoandikia haipo tena. Na diski ya ndani imekufa. Nimejaribu. Mimi kazi yangu ni hii, ofisi zote za hapa mjini naziunganisha mimi, kwa hiyo ukisikia nimesema imekufa, imekufa.

Halafu nina swali. Majina ulikuwa nayo kichwani, hukosei, umesema mwenyewe. Basi keti kwa Evangelina uyataje, ayapige. Nusu saa. Kwa nini unataka mashini ikusemee?

Nina kazi nyingi. Mwezi huu siji.

Ismaili Shabani


Rumonge, 20 Januari 2025

Muongo.

Evangelina ameshtuka, ameuliza kama nianze na salamu. Salamu hupewa mtu msema kweli.

Sikiliza. Jean Bosco nilimpa sufuria ya mgebuka akuletee, maana nilijua hujala. Akakuta kufuli. Jirani yako Schékinah akamwambia, "Ismaili iko Kigoma, amepanda boti tena." Tena! Mara ya tatu tangu mwaka jana, anasema. Jean Bosco mtu mzima, hakurudi hivihivi. Akapita kwa Protasi, fundi wa mashini kuukuu, aliyekuwa akimtengenezea baba yako. Akamsalimu amahoro, akamuuliza habari ya mashini nyeupe. Protasi akacheka. "Ile? Niliifungua mwezi wa nne. Nina mashini ya umri wake hapa, nikaziunganisha, zikaelewana kama wazee wawili. Karatasi nilimpa Ismaili mkononi."

Mwezi wa nne, Ismaili. Mkononi. Nami nilikuwa hapa nasubiri.

Kigoma umeoa? Umeniletea mke mwenza bila kuniambia? Kama ni mwanamke, sema jina lake na ukoo wake, nitatukana siku mbili halafu nitamsukia mkeka. Lakini usinifiche mtu na usinifichie maiti wangu.

Na hivyo vizazi vyako vya mashini nimevisikia. Taa, punje, kigae, ukucha. Nimemwambia Evangelina arudie mara mbili ili nisikuonee. Kila mtoto mdogo kuliko baba yake, na kila mtoto anapita kwenye kaburi la babu yake anauliza hapa amelala nani. Na wewe unanitajia hilo kwa majivuno, kama mtu anayesifu mvua! Huku kwetu mtoto wa hivyo anapelekwa kwa mganga.

Unauliza kwa nini nisiyataje mwenyewe. Nitayataja nikitaka. Kichwa ni changu.

Yalete.

Mwasiti binti Amissi

Ismaili, hapa ni mimi Evangelina. Bibi ametoka kununua chumvi, naongeza haraka. Alhamisi alikuja kuyataja, kama ulivyomwambia. Alifika jina la kumi na tisa, akaanza tena la kwanza kama hakuwa ameanza. Mara tatu hivyo. Mara ya tatu akanifokea kwamba namchanganya kwa kelele za vidole. Amenikataza kukuambia. Nakuomba usimwoneshe kwamba unajua.


Buyenzi, 27 Januari 2025

Bibi,

Ni kweli. Nilidanganya. Sasa na wewe tuone.

Majina yalitoka mwezi wa nne, arobaini na moja. Nimeyasoma mpaka nimeyajua kama namba ya simu yangu. Yumo babu wa babu yako kutoka Umanyema. Yumo Babu Bakari. Kuna mstari umeandikwa "kichanga wa Mwasiti, siku tatu," dada yake baba, hata jina hakuwahi kupewa. Baba alimkumbuka kichanga wa siku tatu.

Mama yangu hayumo.

Nilidhani Protasi ameacha ukurasa. Nikarudi dukani kwake, nikakaa mbele ya mashini mwenyewe, nikatafuta kila mahali. Z haina mtu. Zainabu hayumo kwenye orodha ya wafu wa nyumba yetu.

Nina miaka thelathini, Bibi. Nilipouliza nikiwa mtoto mliniambia, "Mama yako alikufa safarini." Safari gani? "Safarini." Kaburi liko wapi? "Kunywa uji." Baba aliyekuwa akisahihisha nukta kwenye risiti za watu, angemsahau mke wake kila mwaka kwa miaka zaidi ya ishirini? Hakumsahau. Hakumwandika kwa sababu hakufa. Aliondoka, nanyi mkamzika kwa mdomo.

Ndiyo, nimekwenda Kigoma, walikokimbilia watu wetu wakati wa vita. Mara tatu. Nimeuliza Ujiji nyumba kwa nyumba, nimewauliza waliokuwa kambi za wakimbizi. Mzee mmoja muuza nyavu aliniambia, "Zainabu wa Rumonge? Zamani kuna mwanaume alikuwa anakuja hapa kumuulizia huyohuyo, alikuja mara nyingi mpaka tukamhurumia." Kwa hiyo hata huko kuna mtu aliyejua kwamba yu hai. Ni mimi tu mwanawe niliyekuwa sijui.

Majina ninayo. Yako kwenye kompyuta yangu, yako kwenye simu yangu, yako hata hewani mahali ambapo moto wala maji havifiki. Hutapata hata moja mpaka uniambie mama yangu yuko wapi.

Ismaili


Rumonge, 30 Januari 2025

Ismaili,

Evangelina alisoma barua yako, alipofika katikati akaanza kukimbia kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Nikamwambia rudi, soma polepole. Nimesikia yote.

Umewafungia watu arobaini na moja mlango wa dua ili unibane mimi mmoja. Hao hawakukukosea. Kichanga wangu alikukosea nini?

Neno unalolitaka silisemi kwenye mashini ya mtu, sokoni, watu wanapanga foleni nje kupiga kopi za vitambulisho. Njoo nikwambie ukiwa umenitazama.

Mwasiti binti Amissi


Buyenzi, 2 Februari 2025

Siji. Nikija utanipikia, utalia, utaniuliza kama nimekonda, na nitarudi Bujumbura sijui kitu, kama siku zote.

Evangelina ameniandikia kwamba umeanza kusahau. Unafika kumi na tisa unarudi mwanzo. Basi liseme hili kabla nalo halijaondoka.

Ismaili


Rumonge, 10 Februari 2025

Ismaili,

Siku nne sikuja hapa dukani. Jana nimekuja, nimemtukana Evangelina kwa siri yangu aliyokupa, amelia, nimemletea chai ya tangawizi, tumekunywa. Wewe nawe umemchomea mwenzio aliyekuamini. Mambo hayo mawili nayaweka pembeni, si kwamba yamekwisha.

Ni kweli nasahau. Majina yanatoka kama kuku alfajiri, mmoja mmoja, na jioni hayarudi yote. Nilipoona yanatoka ndipo nilipoanza kukutafuta kwa ukali, maana mtu mkali haulizwi kichwa chake kikoje. Sasa umejua. Furahi.

Nimemwambia Evangelina afunge mlango. Foleni iko nje inanung'unika, ningeona haya zamani.

Mwaka wa tisini na sita risasi zilikuwa zinateremka kutoka milimani. Baba yako alikuwa amekwama Bujumbura, barabara imefungwa kule Kabezi. Hapa Rumonge kulikuwa na mashua inatoka alfajiri kwenda Kigoma. Tulikwenda watatu, mimi, mama yako na wewe mgongoni kwake, una surua, macho yameziba kwa matongo. Mwenye mashua akakufunua akasema, "Mutoto wa surua hapandi. Nina watoto wengine humu." Mama yako akaketi mchangani. Akasema, "Basi na mimi sipandi."

Nikamwambia mimi, kwa mdomo huu unaokutukana: "Nenda. Wanaotafutwa ni nyie vijana. Mimi bibi kizee nani ananitaka? Mtoto akipona nitamleta." Akakataa. Nikafungua kanga, nikakutoa mgongoni kwake. Akanishika mkono. Nikamsukuma. Ismaili, nilimsukuma, nilimsukuma mpaka maji yakamfika kiunoni, akapanda, anakutazama. Hakuniaga mimi. Aliita jina lako mpaka sauti ikaisha.

Mashua haikufika. Siku ya nne ufukweni Kigwena waliokota masufuria na kiatu kimoja kimoja. Watu hawakuokotwa.

Ndiyo safari hiyo. Na kaburi liko hapo mbele ya nyumba, umekua ukiliona kila siku, ni ziwa lenyewe, tena lilipopanda mwaka jana liliingia mpaka uani. Ungetaka nimwoneshe mtoto wa miaka mitano hilo? Nilikwambia unywe uji.

Huyo mwanaume wa Ujiji ni baba yako. Alikwenda mara sita. Alilala chini ya mabanda ya nyavu, aliuliza kambi moja baada ya nyingine, akarudi amekonda kama wewe. Shehe akamwambia, "Shabani, aliyekufa maji ni shahidi, muombee." Akasema sawa. Alipoipata ordinateri yake nikamwambia, mwandike mkeo. Aliwaandika wote, mpaka kichanga wangu, nikimtajia. Tulipofika kwa Zainabu, vidole vikasimama juu ya herufi. Akasema, "Mama, hii mashini haisahau. Nikiliweka humu, amekufa." Akaizima. Kila Shaabani nilimwambia, kila Shaabani akaizima. Na mimi ningemlazimisha kwa mdomo gani? Angeniuliza, "Nani alimpandisha?" Hakuniuliza hata siku moja. Mpaka anakufa. Nilimsubiria swali hilo miaka ishirini na saba, nikamzika bila kulisikia.

Kwa hiyo mashini yako ya ukucha haikukudanganya. Ilikupa kilichoandikwa. Wewe ndiye uliyesoma pale pasipoandikwa, ukapasoma vibaya, maana hukuja kuuliza. Mwaka mzima umempita mama yako juu, kwenda na kurudi, na boti, mara tatu, unamtafuta nchi kavu.

Majina mengine yatoke kichwani, sawa. Hilo moja halijawahi kutoka. Nikiamka lipo. Namtajia yeye peke yake, maana kwenye sinia hajawahi kuwekwa, miaka yote hiyo wenzake wanapelekewa dua na yeye anakosa, kwa woga wetu, mimi na baba yako. Ukitaka kunichukia, nichukie kwa hilo, ni haki yako, sitakuuliza lini utaacha.

Lakini chuki hailetwi kwa barua pepe. Sasa sikiliza utakavyokuja, na usinibadilishie.

Panda basi la Jean Bosco Ijumaa tarehe 21, baada ya sala. Usilete mikate ya mjini. Usilete karatasi iliyokwisha kuchapwa, maana haijakamilika. Leta mashini yoyote, ya kizazi chochote, mradi inaandika. Usipitie sokoni kwa Evangelina kumwomba msamaha kwanza, huyo utamwomba Jumamosi. Njoo moja kwa moja, vua viatu, keti mkekani, mgongo kwa ukuta, uso kwa ziwa. Baba yako naye hajaandikwa, muanze yeye. Kisha nitataja, Zainabu binti Idi, polepole, herufi utajua mwenyewe, na utalipiga wewe kwa vidole vyako. Vikikataa kama vilivyokataa vya baba yako, usiizime na usiinuke. Kaa hapohapo, nami nitakaa, mpaka liandikike.

Bibi yako,
Mwasiti binti Amissi